Vipimo vya Wauguzi Thelathini na Wawili

Kompyuta ya duka iligoma Jumatano asubuhi, na wa kwanza kujua alikuwa Shangazi, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyethubutu kuigusa.

Duka lenyewe lilikuwa la ushonaji: chumba kimoja kirefu chenye cherehani nne, meza kubwa ya kukatia, pasi tatu nzito za umeme, na kule nyuma kabisa chumba kidogo ambamo walisali mchana na jioni. Mwenye duka alikuwa kaka yake, fundi mkuu, mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo machache yalikuwa ya utani. Mke wa kaka, ambaye Shangazi alimwita wifi na wateja walimwita Mama Vifungo, alikaa dirishani kwenye mwanga akishona matundu ya vifungo. Shangazi mwenyewe aliitwa Shangazi na kila mtu, hata na wateja waliomzidi umri. Watoto wa kaka yake walikulia chini ya meza ile ya kukatia, na walipokua na kwenda zao, jina walilomwita likabaki dukani.

Alipotimiza miaka hamsini na minne, Shangazi alijiandikisha darasa la jioni la kompyuta. Wanafunzi wenzake wangeweza kuwa wanawe, na Mwalimu angeweza kuwa binti yake wa mwisho. Alikwenda na daftari nene, kalamu mbili, na sala fupi aliyoisali mlangoni kila jioni kabla ya kuingia: "Mungu wangu, nifungue kichwa." Na kichwa kilifunguka, ingawa polepole, kama mlango uliovimba kwa mvua. Mwezi wa tatu alijua kupanga majedwali. Mwezi wa nne alimshawishi kaka yake wanunue kompyuta iliyokwishatumika pamoja na printa ndogo. Kasha la kompyuta likakaa chini ya meza, skrini ikakaa juu, na Mwalimu akamwonyesha jinsi ya kuifanya iandike maneno yake kwa Kiswahili.

Mwezi wa tano chuo cha uuguzi kikaleta kazi: sare nyeupe thelathini na mbili, za wauguzi wapya watakaokula kiapo Jumatatu. Vijana wale walipita dukani siku moja, wakapimwa mmoja mmoja, Kaka akiita namba na Shangazi akiziandika papo hapo kwenye kompyuta. Kesho yake wakatawanyika kwenda zahanati za mbali kwa mazoezi, wasirudi hadi asubuhi ya kiapo. Daftari halikuandikwa neno. Shangazi ndiye aliyekataza. Alisema siku ile, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba wakati wa daftari umepita. Kaka alimtazama tu, akalifunga daftari jeusi la vipimo alilolitumia tangu ujana wake, akalitupia juu ya kabati.

Sasa vifua vyote, viuno vyote na mabega yote ya wauguzi thelathini na wawili yalikuwa ndani ya kasha lile chini ya meza, na kasha limegoma.

Skrini ilikuwa nyeusi. Vidoti vyeupe vilizunguka katikati yake kama vifaranga waliompoteza mama. Baada ya muda yakatokea maneno: "Inatendua mabadiliko. Usizime kompyuta yako." Yaani ilikuwa ikijirudisha ilivyokuwa kabla. Chini yake, asilimia mbili.

Shangazi alikumbuka ya jana. Jioni, dakika chache kabla ya kufunga duka, kompyuta ilimwomba ruhusa ya kujisasisha. Kwa kuwa iliomba kwa adabu, naye akakubali kwa adabu. Akaifunika skrini kwa kitambaa chake cha kufuma, wakafunga duka kama siku zote, wakasali, wakaenda nyumbani. Hapo palikuwa na kosa gani?

Hakutaka kubahatisha. Mwalimu aliwafundisha kwamba mashine ikiumwa, uandike kama muuguzi anavyomwandikia mgonjwa: saa, na ulichokiona. Akafungua daftari lake la darasani, akaandika: Jumatano, saa mbili, asilimia mbili. Kisha, kwa kuwa skrini ilisema usizime, alikata kipande cha karatasi, akaandika USIGUSE kwa herufi kubwa, akakibandika juu ya kitufe cha kuwashia, mtu asije akakigonga kwa goti.

Kaka alikuja na mkasi mkononi, akainama, akaitazama skrini kwa muda.

"Imekufa?"

"Haijafa, Kaka. Inatafakari."

"Haya. Na kitambaa nacho kitafakari pale mezani. Na mimi niende kutafakari na chai."

Lakini hakwenda. Alikaa kwenye ukingo wa meza akahesabu kwa vidole. Wakikata Alhamisi, watashona siku tatu bila kuinua kichwa, na Jumatatu alfajiri watapiga pasi. Alhamisi ikipita bila kukata, wauguzi wataapa wakiwa wamevaa walichotoka nacho nyumbani, na duka halitapata tena kazi ya chuo. Hakuongeza neno juu ya kompyuta. Hilo ndilo lililomuuma Shangazi zaidi, maana kaka akitania kuna amani, na akinyamaza ujue amekwisha kuona shimo.

Wifi alitoa wazo la busara. Aliuliza kama darasani hawakufundishwa kuweka nakala pembeni. Shangazi akasema walifundishwa, naye hakuwa mtoro. Aliweka nakala tatu: Vipimo, Vipimo vya Akiba, na Vipimo vya Akiba ya Akiba.

"Wapi?" akauliza Wifi.

Shangazi akanyoosha kidole, polepole, chini ya meza.

"Yaani," alisema Kaka kutoka kule alikokaa, "ufunguo wa akiba umeufungia ndani ya nyumba. Na wa akiba ya akiba umeulaza kitandani, ukaufunika na shuka."

Wifi alicheka hadi sindano ikamdondoka, na Shangazi naye akacheka, maana msiba wa kujitakia hauna kilio.

Saa nne ilifika asilimia thelathini na moja. Saa sita kasoro dakika tano, hamsini na nane. Saa sita ya sala ilipogonga, Shangazi alivua miwani, akaenda ukutani nyuma ya mlango, akashusha swichi kuu kama alivyofanya kila mchana na kila jioni, na wote watatu wakaingia chumba cha nyuma. Siku ile aliomba kwa bidii. Hakuomba mengi. Alisema tu, Baba, unajua kiuno cha kila mmoja wao, na mimi nilikijua hadi jana.

Walipotoka, umeme ukarudishwa, akatoa karatasi ya USIGUSE kwa uangalifu, akabonyeza kitufe, akairudisha karatasi mahali pake. Vidoti vikazunguka. Asilimia mbili.

Aliandika daftarini: Saa saba kasorobo, imerudi asilimia mbili, sababu haijulikani.

Jioni, muda wa kufunga ulipofika, ilikuwa asilimia sitini na nne. Na Alhamisi asubuhi, Mungu na awe shahidi, ilikuwa asilimia mbili tena.

Basi wakamwita Bisibisi. Huyu alitengeneza simu kwenye kibanda cha upande wa pili wa barabara, na jina alilipata kwa ile bisibisi ndogo aliyoichomeka sikioni kama seremala anavyochomeka penseli. Alikuja akipiga mluzi, akapiga magoti chini ya meza, akaligonga kasha kwa kifundo cha kidole, akalisikiliza kama anayechagua tikiti. Alisema ugonjwa huo anaujua, umewaingia wengi wiki hii. Mashine imejisasisha ikachanganyikiwa, sasa inajirudia kama mzee msimuliaji. Dawa yake ni kuifuta yote na kuiwekea kila kitu upya. Ndani ya saa mbili tu itakuwa kama imezaliwa leo.

"Na vilivyomo?" aliuliza Shangazi.

"Vilivyomo, Shangazi, tutavisamehe."

Kaka alikuwa amesimama nyuma yao. Shangazi aligeuka kumtazama, akitumaini atakataa, lakini Kaka alisema hiyo ni mali ya Shangazi na uamuzi ni wa Shangazi. Kisha akapanda kiti, akalishusha lile daftari jeusi kutoka juu ya kabati, akalipangusa vumbi kwa mkono wa shati. Akasema ataanza kukata kwa kukisia, sare kubwa kumi, za kati kumi, ndogo kumi na mbili, na anayebanwa atabana pumzi siku ya kiapo.

Fundi mkuu aliyekata nguo miaka thelathini na mitano bila kukisia hata pindo la suruali ya shule, leo akisie sare za kiapo. Shangazi alihisi macho yanamwasha. Akamwomba Bisibisi ampe dakika kumi, na asiguse kitu. Mashine yenyewe ilikuwa imekwisha kufika asilimia ishirini na sita.

Akatoka barazani, akampigia Mwalimu.

Mwalimu alikuwa njiani kwenda kazini, lakini alisimama kusikiliza. Aliuliza kama kuna mtu yeyote aliyeizima. Shangazi akasema hakuna, hata kitufe amekibandika karatasi. Mwalimu akauliza kama umeme wa mtaa ulikatika. Haukukatika. Akauliza kama ameandika saa.

"Nimeandika, Mwalimu. Kama muuguzi."

"Nisomee basi, Mama. Usiruke hata mstari."

Shangazi alivaa miwani, akasoma kwa sauti, kidole kikifuata chini ya maneno kama alivyosoma siku zote. Jumatano saa mbili, asilimia mbili. Saa nne, thelathini na moja. Saa sita kasoro dakika tano, hamsini na nane. Saa saba kasorobo, imerudi mbili. Saa kumi na moja na robo, sitini na nne. Alhamisi saa mbili asubuhi, imerudi mbili.

"Rudia pale pa saa sita," alisema Mwalimu. "Saa sita yenyewe mnafanya nini hapo?"

"Tunasali."

"Na kabla ya kusali?"

Shangazi alifungua mdomo kujibu, mdomo ukabaki wazi. Aliiona mikono yake mwenyewe. Aliiona ikivua miwani, ikisukuma mlango, ikipanda ukutani. Miaka ishirini mikono ile ilikuwa ikifanya kazi hiyo bila kumwuliza, kama mtu anavyofunga vifungo vya shati gizani.

"Mama? Upo?"

"Nipo, Mwalimu," alisema. "Ugonjwa tumeupata. Ni mimi."

Mwalimu hakucheka, au kama alicheka aliweka simu mbali. Alieleza kwamba mashine ilikatiwa umeme Jumanne jioni ikiwa katikati ya kujisasisha, na tangu hapo inajaribu kurudi ilikotoka. Inataka saa kadhaa bila kukatizwa. Kila ikikaribia, inanyang'anywa umeme na kuanza safari upya. Wasiifute. Waiache. Leo, hata iweje, isikose umeme hadi imalize. Labda itafika saa saba, labda saa nane. Asilimia za kompyuta hazitembei kama saa ya ukutani.

Shangazi alirudi ndani akiwa amelishika daftari kifuani. Kusema ukweli ilikuwa rahisi kwake kuliko watu wengi, maana alizoea kuungama kila jioni mbele ya Mungu, lakini mbele ya Mungu hakuna Bisibisi aliyekaa juu ya kigoda akitafuna kijiti. Alipiga moyo konde akawaambia wote kwamba anayeiua kompyuta ni yeye, kwa swichi kuu, mara mbili kila siku, kabla ya sala.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Kaka. "Na sisi ndio washona nguo."

Hapo duka zima likavunjika mbavu. Bisibisi alicheka hadi akatoa bisibisi sikioni isimchome, akasema kuanzia leo kila mteja atamwuliza kwanza anasali saa ngapi. Hakutaka kitu kwa usumbufu wake. Alivuka barabara akiwa bado anacheka, akirudia maneno ya Kaka ili asiyasahau.

Kaka alilitia daftari jeusi mfukoni mwa aproni yake na kuanza kunoa mkasi, ishara kwamba hatakisia, atangoja. Wifi alihesabu vifungo. Saa nne na nusu, thelathini na saba. Saa tano na nusu, hamsini na tatu. Na kadiri saa sita ilivyokaribia, Shangazi alizidi kukosa raha, kwa maana kulikuwa na jambo ambalo hakuwa amemwambia Mwalimu.

Swichi ile hakuishusha kwa mazoea tu. Miaka ishirini iliyopita aliacha pasi ikiwaka juu ya meza akaenda kusali. Walipotoka, mashati kumi na mawili yalikuwa yamekwisha kuwa majivu, na Kaka aliuzima moto kwa mikono yake. Mkono wa kushoto wa Kaka ulikuwa na kovu hadi leo, linalong'aa kama satini. Siku ile Shangazi aliweka nadhiri mbele ya Mungu kwamba hataingia tena kusali na kuacha umeme ukiwa juu. Kaka hakuwahi kumkumbusha moto ule hata mara moja, hata kwa utani, naye aliyejua kutania kila kitu.

Saa sita ikagonga. Asilimia sitini na moja.

Shangazi alisimama. Akavua miwani. Mikono ilitaka kwenda ukutani, miguu ikakataa. Alisimama katikati ya duka kama cherehani iliyokatika mkanda.

"Kaka," alisema kwa sauti ndogo, "nendeni mkasali. Mimi nitabaki hapa. Nadhiri ni nadhiri."

Kaka alimtazama, akamtazama mkewe. Kisha alikwenda kwenye pasi ya kwanza, akachomoa waya wake, akaubeba mzigo ule kwa vitambaa viwili na kuuweka juu ya kigae kwenye meza ya kukatia, mbele ya macho ya Shangazi. Akafuata ya pili. Ya tatu Wifi aliileta. Zikakaa pale mstari mmoja, nyaya zimeviringwa, kama watoto waliokosea wakapangwa wasubiri adhabu.

"Zihesabu," alisema Kaka.

"Tatu."

"Zinawaka?"

"Haziwaki."

"Basi nadhiri yako haijavunjika. Hukuweka nadhiri na kompyuta. Uliweka kwa ajili ya pasi. Na leo hakuna anayekwenda chumba cha nyuma. Tutasali hapa hapa, Mungu anajua njia ya mbele pia."

Shangazi alikwenda kwenye kasha, akabandua ile karatasi ya USIGUSE kutoka kwenye kitufe, akaenda nayo ukutani na kuibandika juu ya swichi kuu. Aliibana kwa kidole gumba mara mbili ili ishike. Ndipo wakasimama wote watatu kuizunguka meza, kati yao pasi tatu na jora la kitambaa cheupe, na chini ya meza mashine ikivuma kama mzee anayekoroma kanisani au msikitini, kwa nia njema kabisa.

Kaka ndiye aliyeomba. Kwa kawaida maombi yake yalikuwa mafupi kama risiti, lakini siku ile aliyanyoosha. Alishukuru kwa mikono na kwa macho. Aliwaombea wauguzi thelathini na wawili, kwamba wawe wapole wanapochoma sindano. Kisha akasema, "Na dada yangu huyu, Mungu, aliyeanza shule wenzake wakiwa wanatafuta fimbo ya kutembelea. Usimwaibishe." Shangazi alifumba macho kwa nguvu, na alipoyafumbua kidogo, kwa kosa la kibinadamu, kutazama asilimia, akamkuta Wifi naye amefumbua jicho moja na anatazama huko huko. Ilikuwa sabini. Wote wawili wakafumba haraka.

Baada ya sala hakuna aliyekwenda kula. Sabini ikakaa sabini kwa nusu saa nzima. Kaka akauliza kama imeingia sala yake binafsi. Kisha, bila kumuaga mtu, ikaruka hadi themanini na nane, ikafika tisini na tisa, ikafika mia, na skrini ikawa nyeusi tititi.

Kaka alishika ukingo wa meza. Shangazi aliinua mkono kuelekea kitufe, akaurudisha mwenyewe, akaukalia.

Ikatokea picha ya maua, ile aliyoiweka siku ya kwanza.

Aliandika neno lake la siri kwa kidole kimoja, akakosea, akaandika tena. Vipimo vilikuwepo. Vipimo vya Akiba vilikuwepo. Vya Akiba ya Akiba navyo, vizima, kitandani na shuka yao. Kaka aliinama begani kwake akasoma mstari wa kwanza: kifua themanini na tisa, kiuno sabini, bega arobaini. Akasema huyo anamkumbuka, yule aliyecheka akipimwa kwapa. Akalikunjua jora jeupe, akachukua chaki, na kabla Shangazi hajamaliza kuwasha printa, mkasi ulikuwa umekwisha kuanza kula kitambaa.

Jioni, vipande vya sare thelathini na mbili vilikuwa vimefungwa mafungu, kila fungu na karatasi yake iliyochapwa. Wifi alichoma kila karatasi pini. Kaka alilifungua lile daftari jeusi kwenye ukurasa mpya, akalisukuma mbele ya Shangazi pamoja na kalamu, akasema hii ndiyo itakuwa akiba inayolala nje ya nyumba. Naye akanakili vyote, mstari kwa mstari, kwa mwandiko wake wa darasa la jioni.

Saa kumi na moja na nusu aliizima kompyuta kwa utaratibu wake. Alikaa akaingoja. Vidoti vikazunguka, taa ndogo ya kasha ikapepesa, ikapepesa, ikazimika. Bado akangoja kidogo zaidi. Alipoinua kichwa, Kaka na Wifi walikuwa wamesimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, hawajaingia. Kwa miaka ishirini yeye ndiye aliyewaharakisha.

"Tayari?" aliuliza Kaka.

"Tayari."

Akabandua karatasi ukutani, akashusha swichi, na wote wakaingia pamoja.